Mega ya Bei Nafuu: Ihakiki Kwanza, Ndipo Upime Nyumba

Fundi umeme wa Dar es Salaam hakosi malti mita. Mega, yaani kifaa cha kupima ukinzani wa ganda la waya kwa volti kubwa, ndiyo wengi hawana, na ukiwauliza watakujibu kwamba bei yake iko juu, au kwamba malti mita inatosha. Bei imeshuka, siku hizi mega ndogo za Kichina zinapatikana kwenye maduka ya vifaa vya umeme Kariakoo. Hilo la kutosha ndilo tatizo. Malti mita ikiwa kwenye omu, yaani ikipima ukinzani, hupima kwa volti chache tu za betri yake. Ganda la waya lililopasuka na kunyonya unyevu wa pwani linaweza kunyamaza kabisa mbele ya volti hizo, kisha likavujisha likikutana na umeme wa nyumbani, ambao ni volti 230 kwa jina lakini kilele chake hufika 325. Mega hulisukuma ganda hilo kwa volti 250, 500 au 1000 za DC, kisha inapima kinachopenya. Hapo ndipo kasoro hujitokeza.

Mwongozo huu ni wa fundi mwenye mega ya bei nafuu anayetaka majibu atakayoweza kuyatetea. Kama si fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, usome ujue fundi wako anapaswa kufanya nini, lakini DB, yaani boksi la breka za nyumba, usiifungue.

Mega gani inafaa

Kwa nyumba za kawaida unahitaji mambo mawili: masafa ya volti 500, ambayo ndiyo kipimo cha msingi cha nyaya za 230/400, na masafa ya volti 250 kwa sehemu zenye vifaa vya kielektroniki usivyoweza kuviondoa. Masafa ya 1000 ni ziada. VC60B+ na UNI-T UT501A ni mifano ya mega za daraja hili zinazojulikana. Za kuzungusha kwa mkono, kama ZC25, bado zina wapenzi wake kwa sababu hazidai betri, ila lazima uzungushe kwa mwendo sawa wa mizunguko 120 kwa dakika. Mkono ukilegea, na volti zinalegea.

Ukiwa dukani angalia kama ina onyo la kuonyesha kwamba waya unaotaka kupima bado una umeme, na kama inamwaga chaji yenyewe ukiachia kitufe. Maandishi ya CAT III au CAT IV, yaani madaraja ya usalama wa chombo cha kupimia, yaliyochapwa kwenye kava la mega ya bei ya chini mimi siyategemei. Naichukulia kama chombo kisichotakiwa kugusa waya wenye umeme kabisa. Nyaya zake za kupimia zikiwa laini kama za chaja ya simu, nunua nyingine zenye ganda nene na vibanio vilivyofunikwa.

Kuihakiki kabla ya kuiamini

Hapa ndipo mega ya bei nafuu inapostahili muda wako. Chombo cha bei kubwa huja na cheti cha vipimo. Hiki chako hakina, kwa hiyo lazima kijieleze mbele yako, na kifaa cha kukihoji unacho tayari mkobani.

Weka betri mpya. Acha nyaya zikiwa mbali mbali, bonyeza kitufe cha kupima kwenye volti 500: lazima isome juu ya kikomo chake, yaani OL au 1 peke yake upande wa kushoto wa kioo. Unganisha ncha mbili, pima tena: lazima iwe sifuri. Ukikosa sifuri, waya umekatika ndani au kibanio kimelegea, na mega yenye waya uliokatika itakusifia kila nyumba utakayoipima.

Sasa chukua malti mita ya dijitali inayoweza kupima volti 1000 za DC. Iweke hapo, kisha unganisha nyaya za mega kwenye nyaya za malti mita. Bonyeza mega kwenye volti 500. Malti mita itakuonyesha volti halisi zinazotoka, na mega itakuonyesha ukinzani wa ndani wa malti mita, ambao kwa malti mita nyingi za dijitali ni megaomu 10. Vyombo viwili vinapimana kwa mpigo mmoja. Ukiona volti kati ya 500 na 600 hivi, na mega ikasoma karibu na 10 MΩ, umeanza vizuri. Malti mita nyingine za bei ndogo zina ukinzani wa 1 MΩ tu, usishtuke mega ikikusomea hivyo.

Kipimo hicho hakiibebeshi mega mzigo wa maana. Mega inatakiwa kutoa miliampia 1 bila volti zake kuanguka, na hapo ndipo za bei ya chini hupata tabu. Nunua rezista kumi za kiloomu 100 za robo wati, uzilehemu kwa mstari mmoja juu ya kipande cha ubao, ufunike kwa tranking ya plastiki. Mstari mzima ni 1 MΩ, rezista tano za mwanzo ni nusu megaomu. Kwa nini kumi na si moja ya 1 MΩ? Rezista ya robo wati kwa kawaida haikutengenezwa kubeba volti 500 peke yake. Ukizigawa kumi, kila moja inabeba 50 tu.

Pima mstari mzima, halafu zile tano huku malti mita ikiwa imeungwa sambamba. Kwenye nusu megaomu mega inatoa miliampia 1. Volti zikibaki 500 au karibu, una mega ya kuandikia ripoti. Zikishuka hadi 300, mega bado itakusaidia kutafuta kasoro, lakini usiisainie kazi ya kukabidhi, kwa sababu karibu na mpaka wa kufaulu na kufeli inapima kwa volti pungufu. Rudia kila ubadilishapo betri na kila inapoanguka.

Zima, hakikisha, tenganisha

Zima meni swichi. Ulizia umeme mwingine: jenereta, inveta, paneli za jua, na kwenye nyumba za kupanga waya wa jirani uliovutwa kupitia dari. Wapangaji waambie wote, kwa sababu aliyekuwa chumbani amelala akitoka na kukuta giza ataelekea moja kwa moja kwenye breka. Ukiweza, funga kwa kufuli. Ukishindwa, bandika karatasi na uache mtu hapo.

Kisha thibitisha kwamba hakuna umeme kwa malti mita: pima kwanza mahali unapojua umeme upo, pima sakiti yako, rudi upime pale pa kwanza. Hatua ya tatu ndiyo mafundi huiruka, na ndiyo pekee inayokuambia kwamba chombo hakikufa katikati ya kazi. Kazi yako yote ni upande wa mteja. Mita ya LUKU na lakiri za TANESCO haziguswi.

Angalia meni swichi inakata nguzo ngapi, yaani nyaya ngapi. Ikikata laivu na nyutro, sawa. Ikikata laivu peke yake, nyutro ya nyumba bado imeshikana na ya nje, na kipimo chako dhidi ya ethi (waya wa ardhini) kitakuwa karibu na sifuri bila kosa lolote ndani ya nyumba. Hapo lazima nyutro inayoingia itenganishwe, na fundi mwenye leseni baada ya umeme kukatwa kuanzia nje.

Sasa zunguka vyumba vyote. Chomoa friji, runinga, chaja, pasi, feni, kila kitu. Toa balbu za LED, maana ndani zina saketi ya kielektroniki. Tenganisha dima, fotoseli ya taa ya geti, kengele, kamera, AC, hita na kinga ya radi iliyofungwa kwenye DB. Kinga ya radi imetengenezwa ifungue njia volti zinapopanda, na mega ndiyo inapandisha volti, kwa hiyo utaona kasoro isiyokuwepo. Ikiwa haitoki, pima kwa volti 250, lakini kiwango cha kufaulu kinabaki kilekile cha 1 MΩ. Swichi zenye kitaa chekundu, hasa za hita na jiko, nazo hudanganya kipimo cha laivu na nyutro. Wengi hupoteza asubuhi nzima hapo wakitafuta shoti ambayo ni kitaa.

Breka zote za sakiti ziwe juu, swichi za taa ziwashwe. Taa ya ngazi yenye swichi mbili pima mara mbili, swichi ikiwa huku na ikiwa kule, vinginevyo kuna waya mmoja hutaugusa.

Ethi kwanza

Kabla ya kubonyeza mega, pima kama waya wa ethi umefika kwenye kila soketi kutoka kwenye baa ya ethi ya DB. Tumia malti mita kwenye omu ndogo na waya mrefu wa kuazima. Soketi isiyo na ethi itakupa jibu zuri kuliko zote, kwa sababu hakuna pa kuvujia. Kwenye nyumba za zamani zilizoongezewa vyumba kidogo kidogo, si ajabu kukuta pini ya juu ya soketi haina waya kabisa. Ukipima mega bila kujua hilo, umepima hewa.

Kupima

Anza na laivu na nyutro zikiwa zimeunganishwa pamoja, dhidi ya ethi. Sababu ya kuziunganisha ni ya kiutu: kama kuna kifaa ulichosahau kimechomekwa, hakitapata volti 500 kati ya pini zake mbili. Kibanio kimoja kwenye muungano huo, kingine kwenye baa ya ethi, mikono mbali na ncha. Bonyeza na ushikilie hadi namba itulie. Waya mrefu hufanya kazi kama kapasita, kwa hiyo namba huanza chini na kupanda. Kwa nyumba ndogo sekunde chache zinatosha, kwenye nyaya ndefu subiri dakika nzima.

Jibu likiwa zuri, na ukiwa na uhakika hakuna kifaa kilichosalia, pima laivu dhidi ya nyutro. Kwenye fezi tatu pima kila fezi dhidi ya nyingine, dhidi ya nyutro na dhidi ya ethi.

Ukimaliza kila kipimo, usitoe vibanio haraka. Waya umebaki na chaji. Mega nyingi humwaga zenyewe ukiachia kitufe, lakini hii ni ya bei nafuu, basi hakikisha: angalia volti kwa malti mita hadi zifike sifuri, ndipo uguse. Mshtuko wa chaji hiyo mara nyingi hauui. Kuanguka kutoka juu ya ngazi ndiko kunakoua.

Namba inasema nini

Kiwango cha kimataifa cha IEC 60364 kinataka sakiti za hadi volti 500 zipimwe kwa volti 500 za DC na zisishuke chini ya 1 MΩ. Hicho ni chini kabisa cha kukubalika. Nyumba mpya yenye waya mzuri hupita megaomu 100 bila jasho, na mega yako itasoma OL. Nyumba mpya ikisoma 2 MΩ, mimi siipokei. Imefaulu kwenye karatasi, lakini kuna msumari, gamba la waya lililokwaruzwa wakati wa kuvuta, au maji kwenye paipu zilizozikwa kwenye plasta ambayo haijakauka.

Kumbuka unapopima DB nzima sakiti zote ziko sambamba, kwa hiyo zinashushana. Sakiti tatu zenye 6 MΩ kila moja zitasoma 2 MΩ kwa pamoja. Ndiyo maana DB nzima ikisoma chini hukimbilii kulaumu waya mmoja. Unazigawa.

Hali ya hewa nayo ina sauti yake. Ukinzani wa kihami, yaani ganda la waya, hushuka karibu nusu kwa kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka. Nyaya zilizo chini ya bati saa nane mchana si zile za saa kumi na mbili asubuhi. Halafu kuna masika, Machi hadi Mei, na chumvi ya bahari kwa wakazi wa Kigamboni, Kunduchi na Mbezi Beach: vumbi lenye chumvi juu ya terminali likipata unyevu linakuwa njia ya umeme. Kabla hujahukumu, fungua soketi ya nje, ipanguse kwa kitambaa kikavu chenye spiriti, iache ikauke, upime tena. Namba ikiruka kutoka 3 hadi 80, tatizo lilikuwa uchafu. Kwa nyumba zilizoingiwa na mafuriko, kama za bonde la Msimbazi, habari ni nyingine. Soketi na breka zilizozama zinabadilishwa. Kuzikausha na kuzipima mega hadi zifaulu ni kujidanganya, tope limebaki ndani.

Kumsaka mchawi

Kutafuta ilipo kasoro, gawa nusu kwa nusu. Toa breka zote, tenganisha nyaya zote za nyutro kutoka kwenye baa yake na uziandike namba, maana nyutro zikibaki zimeshikana, kasoro moja itaonekana kwenye sakiti zote. Hapa ndipo mafundi huzunguka mduara: wanashusha breka moja moja, namba haibadiliki, wanasema mega mbovu. Breka ya nguzo moja haigusi nyutro.

Pima kila sakiti peke yake, laivu na nyutro yake pamoja dhidi ya ethi. Ukiipata yenye kasoro, nenda kwenye soketi au boksi la katikati ya njia, tenganisha hapo, pima pande mbili. Upande mbovu ugawe tena. Baada ya kugawa mara chache umebakiwa na kipande cha waya kati ya boksi mbili. Ukitaka kuwahi, anza na zinazoelekea nje: taa za ukuta wa uzio, geti, soketi ya kufulia, waya wa kisima. Kisha darini, kwenye maungio yaliyofungwa kwa selotepu na palipopita panya.

Kwa ELCB (swichi inayokata umeme unapovuja) inayodondoka, fanya hesabu hii kichwani. ELCB ya miliampia 30 kwa volti 230 inahitaji ukinzani ushuke hadi kiloomu 7.7 hivi ndipo idondoke kwa hakika, na inaruhusiwa kudondoka kuanzia nusu ya mkondo huo, miliampia 15, yaani ukinzani wa karibu kiloomu 15. Ukiona nyaya zote ziko juu ya 1 MΩ na ELCB bado inadondoka, acha kubomoa ukuta. Rudisha vifaa kimoja kimoja, au tafuta nyutro ya sakiti moja iliyochanganywa na ya nyingine.

Pampu, hita na AC

Pampu ya kisima ipime ikiwa imeshuka majini, kutoka juu, baada ya kutenganisha boksi la kuwashia lenye kapasita. Volti 500, nyaya zote za mota pamoja dhidi ya ethi. Kwa mota za chini ya volti 1000, kiwango cha IEEE 43 kwa nyingi ni 5 MΩ. Chini ya hapo, kabla ya kulaumu mota, shuku maungio ya waya yaliyozama. Mara nyingi ndiyo yaliyoingiza maji.

Elementi ya hita ina unga wa magnesia unaonyonya unyevu. Hita iliyokaa miezi bila kutumika inaweza kusoma vibaya, kisha ikapona baada ya elementi kukaushwa kwa joto. Ikibaki chini baada ya hapo, ibadilishe.

Kompresa ya AC usiipime mega wakati mfumo umevutwa vakyumu, volti zitaruka ndani na kuichoma. Hata ikiwa na gesi, kompresa zilizofungwa husoma chini kuliko mota ya kawaida, kwa hiyo fuata namba ya mtengenezaji.

Na lile swali la kila siku: “Fundi, LUKU inaisha haraka, si kuna umeme unavuja?” Mega itakujibu. Uvujaji wa kiloomu 23 kati ya laivu na ethi unapitisha miliampia 10, ambazo ni wati 2.3, chini ya yuniti 2 kwa mwezi. Kuongeza yuniti 15 kunahitaji uvujaji unaokaribia miliampia 100, na nyumba yenye ELCB nzima isingekaa na umeme hata dakika moja. Nyumba ikisoma juu ya 1 MΩ, mwambie mama mwenye nyumba aitazame hita na raba ya mlango wa friji.

Kurudisha na kuandika

Rudisha nyutro kwa namba ulizoziandika, kaza, rudisha kinga ya radi, balbu na vifaa. Washa, kisha bonyeza kitufe cha majaribio cha ELCB.

Andika kwa kila sakiti: tarehe, volti ulizopimia, namba, mvua au jua, na mega uliyotumia. Namba moja ya leo haikuambii mengi. Tuseme sakiti ya taa za nje ilisoma 180 MΩ Januari, 40 Aprili, 150 Julai: hiyo ilinyonya unyevu wa masika ikakauka. Ikiwa ilisoma 180, halafu 40, halafu 6 ilhali jua linawaka, ganda la waya linakwisha. Bado imefaulu kwa mbali kwenye kiwango cha 1 MΩ, lakini mwenye nyumba anunue waya kabla ya mvua za vuli.